Kuteleza si Kuanguka: Fikra Kuhusu Skii, Barafu na Udugu wa Mteremkoni

Wahenga walinena kuwa kuteleza si kuanguka. Aghalabu sisi wanafunzi wa Kiswahili huitumia methali hii kumliwaza mwenzetu aliyefeli mtihani au aliyekosa kura katika uchaguzi wa chama. Ni nadra kwetu kuichukua kwa maana yake ya wazi, yaani mguu, utelezi na ardhi. Katika insha hii nakusudia kufanya hivyo hasa. Nitazungumzia mahali ambapo watu wazima, kwa hiari yao wenyewe, hufunga mbao ndefu miguuni na kupanda vilima vyenye theluji ili wapate kuteleza. Huko kuteleza ni ufundi unaofunzwa, na kuanguka ni jambo linalotarajiwa. Hoja yangu ni moja: kinachotenganisha kuteleza na kuanguka si ustadi wa miguu pekee, bali pia ni watu walio karibu nawe mteremkoni.

Mimi ni mzaliwa wa Kinangop katika Kaunti ya Nyandarua. Kwetu baridi si hadithi. Zipo asubuhi ambapo sakitu hulala juu ya nyasi na kuyachoma majani ya viazi, mkulima akaamka na kukuta shamba limenyauka kana kwamba limepitiwa na moto. Utelezi nao twaujua. Msimu wa mvua njia ya kupeleka maziwa hugeuka tope tupu, na mtoto aliyebeba mtungi hujifunza mapema asisimame wima kama mlingoti, asikimbie, wala asiyatazame mavidole yake. Lakini theluji yenyewe tuliijua kwa picha na kwa msamiati tu. Mnamo Septemba 2008, mvua ya mawe ilipofunika ardhi ya Busara, karibu na Nyahururu, kwa tabaka nene jeupe, wakazi wengi walidhani ni theluji, wakatoka kuishika kwa mikono na kuichezea.

Na tuanze basi na msamiati, maadam sisi ni watu wa lugha. Kiswahili kina neno theluji, lililotoka kwa Waarabu, na neno barafu, lililotoka kwa Waajemi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba kwa Waajemi wenyewe neno barf humaanisha theluji, na kwa Waarabu neno thalj huweza kumaanisha theluji au barafu. Kiswahili kiliyapokea yote mawili kikayagawia kazi: theluji ikawa ule unga mweupe laini ushukao kutoka angani, barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu kama jiwe. Mgawanyo huu uliofanywa na watu wa pwani yenye joto ndio mgawanyo ambao kila mcheza skii huutegemea kwa usalama wake. Theluji humpokea aangukaye. Barafu haimpokei.

Neno skii nalo lina asili yake. Limetokana na lugha ya kale ya Wanorwei, ambamo lilimaanisha kipande cha mti kilichopasuliwa. Hata slalomu, mbio za kupinda huku na huku kati ya vijiti, ni neno lililozaliwa Norwei kwa kuunganisha maneno mawili, moja la mteremko na jingine la njia. Huko ndiko mkoa wa Telemark ulikomtoa Sondre Norheim, mtu wa karne ya 19 aliyevifunga viatu vyake kwenye skii kwa vijiti laini vilivyosokotwa na kuzunguka kisigino, akaweza kuruka na kupinda bila skii kumtoka miguuni. Wengi humwita baba wa skii za kisasa.

Mnamo Agosti 2018 nilibahatika kwenda kusoma kwa mwaka mmoja jijini Oslo chini ya mpango wa kubadilishana wanafunzi. Waliotutangulia ughaibuni hurejea na simulizi kwamba watu wa Kaskazini ni wakimya. Simulizi hizo hazina chuku. Ndani ya basi, abiria hupendelea kiti ambacho jirani yake ni mkoba wake. Kituoni, watu husimama wameachana hatua mbili tatu, kila mmoja na dunia yake. Kwa mtu aliyelelewa kumsalimu kila apitaye njiani na kumwita kila mwenye mvi guka, kimya hicho ni baridi ya pili, nayo haizuiwi na koti. Kadhalika, matumizi ya kiwakilishi cha heshima katika Kinorwei yamekaribia kutoweka. Mwalimu, waziri na jirani wote huitwa kwa jina la kwanza. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mwanamume aliyekaribia miaka 80, aliniomba nimwite kwa jina lake. Ulimi wangu ulikataa. Tulipatana kuwa nitamwita Mzee, naye alilipenda neno hilo pindi nilipomweleza kwamba kwetu si tusi bali ni cheo.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mzee hakuijua methali hii lakini aliitekeleza. Theluji ya kukaa ilipoanguka, alinipeleka kwenye ghala la chini ya jengo, akapangusa vumbi kwenye jozi ya skii zilizokuwa za mwanawe, akanikabidhi pamoja na viatu na fimbo mbili. Jembe langu likawa hilo. Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima, nilifurahi kusikia kwamba somo la kwanza la kuteremka lina jina la zana ya shamba. Wanorwei huliita plau.

Yafaa nimweleze msomaji namna mambo yalivyo. Skii ni za aina kuu mbili. Zipo za mteremko, ambazo ni pana na nzito, zenye makali ya chuma pembeni, na kiatu hufungwa juu yake kidole na kisigino. Zipo pia za masafa, nyembamba na nyepesi, ambazo hukishika kiatu kwenye ncha ya vidole tu, kisigino kikaachwa huru kiinuke kama cha mtu atembeaye. Nilizopewa mimi zilikuwa za masafa. Ubao wake umepindwa kidogo kama upinde wa mshale. Usimamapo kwa miguu yote miwili, sehemu ya katikati hainati kwenye theluji. Ukiuhamishia uzito wote mguu mmoja na kuukandamiza, sehemu hiyo hugusa na kushika, ukapata pa kujisukumia. Kwa hiyo mwendo wote ni wa kushika na kuachilia: mguu mmoja unashika, mwingine unateleza, kisha vinabadilishana. Asiyekubali kuuachia mguu mmoja uzito wake wote hubaki akiburuza mbao kama mfungwa mwenye pingu.

Kupanda kilima kuna mtindo uitwao mfupa wa samaki. Mpandaji hupanua ncha za mbele za skii na kuvikaribisha visigino, akawa anakanyaga kwa kingo za ndani, na alama anazoacha nyuma yake hufanana kabisa na uti wa tilapia aliyekwisha kuliwa. Kuteremka ni kinyume chake. Ncha za mbele hukaribiana, visigino husukumwa nje, skii zikalala kwa kingo za ndani na kuifyeka theluji kama plau. Ukizidi kupanua, mwendo hupungua. Ukitaka kupinda kushoto, unaelemea skii ya kulia. Ukitaka kulia, unaelemea ya kushoto. Magoti na vifundo vya miguu vikunjwe. Mikono iwe mbele, kana kwamba umebeba sinia la chai kumpelekea mkwe. Macho yatazame uendako.

Ugumu hauko katika kuyaelewa haya bali katika kuushawishi mwili uyakubali. Mwili huuogopa mteremko, hivyo hutaka kuegemea nyuma, kwenye kilima ulikotoka, kama kwamba kilima kitaunyoshea mkono. Ukiegemea nyuma, skii hukimbia mbele peke yake na kukuacha umekaa hewani. Anayetaka usalama hana budi kuinamia kile anachokiogopa, kwa kiasi, hata uzito wake utue katikati ya nyayo. Mzee alilirudia jambo hili kila mara, na kila mara alilisema kwa sauti ile ile ya upole, kama mtu anayehesabu shanga.

Barafu ndiyo mtihani wenyewe. Theluji inapokaa siku nyingi, jua la mchana huiyeyusha juu juu, na usiku ikaganda tena. Mzunguko huo ukijirudia, chembe zake zilizokuwa kama manyoya hugeuka punje ngumu, na punje zikashikamana kuwa kigae. Katika njia zinazopitiwa na wengi, skii za watu huisugua na kuing'arisha zaidi. Skii za masafa zinazotumika kwenye njia hizo kwa kawaida hazina makali ya chuma, na kwa kuwa kisigino ki huru, mchezaji hawezi kuzibana sana. Plau iliyokuwa ikifyeka vizuri kwenye theluji laini hukwaruza tu, ikatoa sauti kama ya kisu juu ya sahani.

Kuna maarifa ya kukabiliana nayo. Kwanza ni nta. Kwa theluji mpya ya baridi kali hupakwa nta ngumu ya kijani. Baridi ikipungua, ya buluu. Karibu na kiwango cha kuganda, zambarau au nyekundu. Lakini juu ya barafu nta hizi hazifui dafu. Hapo hutumika kitu kiitwacho klista, uji mzito unaonata vidoleni, nguoni na hata nyweleni. Mzee alipouliza kama lugha yangu ina jina la kitu cha namna hiyo, nilimjibu mara moja: ulimbo, ule utomvu ambao watoto hupaka vijitini kunasia ndege. Pili ni namna ya kuteremka. Plau ianze juu, kabla ya kasi kuota mbawa, kwani juu ya barafu breki iliyochelewa si breki tena. Miendo iwe midogo na ya taratibu. Anayejipinda ghafla huupoteza hata ule mshiko mdogo alionao. Macho yatafute ukingo wa njia, ambako theluji laini huwa imesukumwa ikabaki, na breki ipigwe hapo. Tatu, ikiwa yote haya hayatoshi, kuna njia mbili zisizo na fedheha: kuvua skii na kuteremka kwa miguu pembeni, au kujiangusha mwenyewe ubavuni mapema, kabla mteremko haujakuchagulia mahali pa kuangukia. Wanorwei wana kanuni tisa za busara ya milimani, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikichapishwa ndani ya karatasi ya chokoleti maarufu iitwayo Kvikk Lunsj. Mojawapo humtaka msafiri ageuke mapema, kwa kuwa kugeuka si aibu.

Sasa niseme kuhusu watu. Kaskazini mwa Oslo kuna msitu mkubwa uitwao Nordmarka. Treni ya mjini namba 1 hupanda hadi Frognerseteren, na siku za Jumapili mabehewa yake hujaa skii zilizosimamishwa kama mianzi. Njia za msituni hutengenezwa na mashine zinazokwangua theluji na kuchora mifereji miwili sambamba ya kuongozea skii. Kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na chama kiitwacho Skiforeningen, kilichoasisiwa mwaka wa 1883 na kinachotegemea ada za wanachama wake. Hata hivyo hakuna lango wala tiketi. Sheria ya mwaka wa 1957 ilithibitisha haki ya kila mtu kupita porini kwa adabu, awe mwenyeji au mgeni.

Ndani ya msitu huo nilishuhudia jambo la ajabu. Watu wale wale walionyamaza treni nzima, walipovaa skii walianza kusalimiana. Kila aliyepishana nami alisema hei. Waliponipita walinionya kwa sauti waliko, kushoto au kulia. Nilipoanguka, aliyekuwa karibu alisimama na kuuliza kama niko salama, akangoja jibu ndipo aendelee. Kwenye vibanda vya mapumziko, wageni walisogea benchini bila kuombwa, na chungwa moja likapita mikono minne.

Jumapili moja ya Machi 2019 nilitoka na mwenzangu wa bweni la jirani, mwanafunzi kutoka Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha: chake cha Kivu, changu cha darasani. Kwa kuwa nilimzidi umri kwa miaka miwili, aliniita yaya. Kwetu Kenya yaya ni mlezi wa mtoto. Kwao ni ndugu mkubwa. Tulikuwa tumecheka sana juu ya neno hilo. Tulipanda kutoka Frognerseteren, tukapumzika kwenye kibanda cha Ullevålseter, kisha alasiri tukaanza kuteremka kuelekea ziwa la Sognsvann. Mchana jua lilikuwa kali. Sasa kivuli kilikuwa kimeilaza njia, na maji yaliyokuwa yakitiririka yalikuwa yameganda.

Nilitangulia. Nilipita kona moja ambapo barafu ilikata njia kutoka upande mmoja hadi mwingine, nikaegemea ukingoni, nikasimama chini kumngoja. Nilisikia mkwaruzo mrefu, kisha mshindo, kisha sauti yake ikiita, "Yaya!" Nilijaribu kupanda kwa mfupa wa samaki lakini kingo za skii hazikuuma. Nilizivua, nikapanda kwa kushika vigogo vya misonobari pembeni.

Nilipofika, tayari hakuwa peke yake. Wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti kando yake. Mmoja wao alisema ni muuguzi, na alikuwa akimkataza asiukunje mguu, kwa kuwa goti lilikuwa limesokoteka. Juu ya kona, kijana wa umri wa shule ya upili alikuwa amechomeka skii zake thelujini zikapishana kama alama ya msalaba, ishara ya kuwaonya wanaokuja kwamba kuna aliyeumia, naye mwenyewe akasimama hapo akipunga mikono. Mwanamume aliyekuwa na mtoto alitoa kigodoro kidogo cha kukalia, kitu ambacho Wanorwei wengi hubeba mkobani, akakipenyeza chini ya mwenzangu ili asilale juu ya barafu. Simu ilipigwa. Tuliambiwa kuwa watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wangekuja na skuta ya theluji na sleji.

Tulingoja kama dakika arubaini. Anayekaa bila kusogea katika baridi ya jioni hupoteza joto upesi, hivyo mwanamke wa pili alivua koti lake la juu akamfunika. Termosi ilifunguliwa, tukanyweshwa kinywaji cha moto cha matunda meusi. Kisha, ili kumtoa mwenzangu katika maumivu, walianza kusimulia maanguko yao. Muuguzi alivunjika mkono akiwa na miaka kumi na miwili. Mwanamume alipoteza meno mawili kwenye mti ambao alidai bado anaujua. Hata mtoto alionyesha kovu la kidevuni, kwa fahari ya askari anayeonyesha nishani. Mwenzangu, machozi yakimlenga, alicheka.

Niligundua kuwa mwanamke aliyetoa koti alikuwa akitetemeka. Nilimwomba achukue langu, akakataa. Nilimwambia aende, kwa kuwa watu walikuwa wa kutosha. Alinijibu kwa Kiingereza chepesi kwamba siku yake ilipofika, kuna mtu aliyekaa naye. Na mtu huyo hakumjua kwa jina, kwa hiyo hana wa kumlipa ila huyu. Sleji ilipofika, walimfunga mwenzangu vizuri, wakamteremsha taratibu hadi ziwani ambako gari la wagonjwa lilingoja. Ilimchukua wiki kadhaa za kutembelea magongo, na goti likapona.

Baadaye nilifahamu kuwa wema ule una hata kanuni iliyoandikwa. Shirikisho la kimataifa la skii, FIS, lina kanuni kumi za mwenendo mteremkoni, zilizotungwa mwaka wa 1967. Mojawapo humpa aliye mbele haki ya njia, kwa kuwa aliye nyuma na juu ndiye anayeona. Nyingine husema kuwa ajali ikitokea, kila mchezaji ana wajibu wa kusaidia. Lakini haikuwa kanuni iliyomfanya mtu atetemeke dakika arubaini. Ilikuwa kumbukumbu ya barafu. Mteremkoni hakuna asiyewahi kuanguka, na kwa sababu hiyo kila mmoja ana deni ambalo hulilipa kwa mtu mwingine.

Sisi Wakenya tuna ushahidi wetu wa jambo hili. Philip Boit, mkimbiaji kutoka viunga vya Eldoret, alianza kujifunza skii nchini Ufini mwaka wa 1996 kwa ufadhili wa kampuni ya Nike. Mnamo Februari 1998 alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi, huko Nagano, Japani. Katika mbio za kilomita 10 alimaliza wa 92, ambayo ndiyo iliyokuwa nafasi ya mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikuwa amefika takriban dakika 20 kabla yake. Sherehe ya nishani ilikuwa ikisubiri, lakini Dæhlie alibaki kwenye utepe hadi Boit alipofika, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na alirudi kwenye Olimpiki mwaka wa 2002 na 2006. Aidha, mwaka wa 2018 huko Pyeongchang, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, alikuwa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika michezo hiyo, akishindana kwenye miteremko mikali. Wapo wanaoisimulia nafasi ya 92 kama kichekesho. Dæhlie, aliyeijua theluji kuliko wanaocheka, hakucheka. Alingoja.

Sitaki msomaji adhani kuwa nimerudi na sifa tupu. Skii ni mchezo wa gharama, na kama si ghala la Mzee nisingeugusa. Fauka ya hayo, udugu huo una mipaka yake. Wiki mbili baada ya ajali nilimwona mwanamke wa koti ndani ya treni. Alinitambua, akainamisha kichwa kidogo, kisha akarejea kwenye kimya chake. Ningekuwa kwetu, tungeulizana habari za goti, za nyumbani na za mvua, na pengine tungeishia kunywa chai. Udugu wetu huendelea baada ya mteremko. Huo ni utajiri ambao sitaubadilisha na chochote.

Hata hivyo, udugu wetu nao huanza na swali ambalo wao hawakuliuliza: wewe ni wa wapi, na ni mtoto wa nani? Mara nyingi swali hilo ni mlango wa ukarimu. Lakini mimi ni mtoto wa ukingoni mwa Bonde la Ufa, na nakumbuka Januari 2008, siku ambazo barabarani palikuwa na vizuizi vya mawe na magogo, na jina lililokuwa kwenye kitambulisho likaamua nani apite na nani ashushwe. Pale kwenye kona ya Sognsvann hakuna aliyetuuliza jina hata sleji ilipoondoka. Walimwona mtu chini, ikatosha. Nadhani tunahitaji udugu wa aina zote mbili: ule unaoendelea baada ya mteremko, na ule usiosubiri kujua jina ndipo uvue koti.

Kwa wanachama wenzangu nina neno moja la mwisho kuhusu lugha. Nilipoandika barua nyumbani kumweleza mama haya yote, nilihofia kuwa Kiswahili kingenikatalia njiani. Hakikunikatalia. Plau kilikuwa nayo, ulimbo kilikuwa nao, uti wa samaki, sakitu, theluji na barafu vyote vilikuwepo vikisubiri kutumwa. Tusiwaachie wengine kazi ya kuwasimulia akina Boit na Simader kwa sababu tu walipita mahali penye baridi. Mama alinijibu kwa sentensi mbili. Aliuliza kama mtoto wa watu wa Bukavu amepona, na kama yule mama aliyetetemeka alipata koti lake. Nilimjibu ndiyo kwa maswali yote mawili. Nakunja jamvi langu hapa.